Msichana wa Bibi Konstansi

Mkomaindo, Masasi
3 Machi 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Kifua kinaendeleaje, na ukungu wa huko juu umeshaanza kukufungia mlango asubuhi? Mimi ni mzima, namshukuru Mungu, ila Masasi mvua ikikatika kidogo tu jua linatupika na majabali yetu.

Nimejaribu simu mara tatu. Mara mbili ulisema haloo ukakata. Ya tatu ulinisimulia habari za muhogo mpaka salio likaisha, na neno langu hata moja hukulisikia. Basi narudi kwenye barua kama ulivyotaka. Nampa Sultani wa basi la Newala. Anasema barua ya Mwalimu Dastani haiwezi kupotea mkononi mwake kwa sababu ulimfundisha katekisimu na fimbo yako anaikumbuka.

Nina habari. Kanisa linaandaa mchezo wa jukwaani juu ya Bibi Konstansi, yule mmisionari mwanamke wa kwanza kuishi peke yake upande wa Makote, aliyefungua shule ya wasichana na zahanati. Si mchezo wa kusema tu, mchezo mzima unaimbwa. Tutauonyesha Agosti, na kamati imenipa mimi kutunga nyimbo zote na kuongoza kwaya ya watu arobaini. Nafurahi, Baba. Tangu niachane na yule bwana, nikirudi kutoka shuleni vyumba vyangu viwili havina hata mtu wa kugombana naye. Sasa angalau nina nyimbo.

Nakumbuka tuliambiwa Bibi, mama yako, alifanya kazi kwa huyo mzungu. Alikuwa mpishi? Niandikie unachokumbuka.

Mwanao,
Yasinta


Chilangala
17 Machi 2024

Mwanangu Yasinta,

Marahaba. Kifua kipo palepale kilipokuwa mwaka jana, hakijaenda popote, kama mwenyewe. Ukungu upo. Mikorosho ipo. Jirani yetu Swaumu ananiletea mbaazi na anazungumza nami kwa muda mrefu, nami naitikia kwa kichwa. Juzi nilitabasamu nikamwambia asante sana mama, kumbe alikuwa ananieleza kuwa mbuzi wake wameingia kwenye muhogo wangu.

Bibi yako hakuwa mpishi. Alikuwa ulimi wa Bibi Konstansi na miguu yake. Alianza naye akiwa na miaka tisa, mwaka Bibi Konstansi alipofika, arobaini na sita. Waliupanda mlima pamoja kutoka Masasi kwa miguu. Kila nyumba mzungu yule aliyoingia, mama yangu aliingia kwanza akaeleza watu kwamba huyu haumi. Akina mama waliojifungua salama pale Makote, mkono mmoja ulikuwa wa Bibi Konstansi na mwingine wa mama yangu. Miaka ishirini na mitano.

Kile kitabu Bibi Konstansi alichoiandikia misheni nimekisoma. Kinamtaja mama yangu mara kumi na moja, na mara zote kimeandika "msichana wangu". Amezaa watoto wanne, bado msichana.

Sasa nakuomba jambo moja, na sikumbuki lini nimekuomba jambo. Jina lake litajwe katika mchezo wako. Mara moja tu, mbele ya watu, wajue kuwa Bibi Konstansi hakuupanda mlima peke yake.

Jina lenyewe usiniulize mimi. Mtoto halitamki jina la mama yake, na shangazi yako Oliva naye ni vivyo hivyo. Kijiji kizima kilimwita Mama Oliva na ninyi mkamwita Bibi. Rika lake limekwisha, kabaki Bi Stamili wa Makote. Walikaa ndani pamoja unyagoni, wakatolewa siku moja. Nenda kwake, mchukulie sukari, kaa chini umuulize. Yeye ndiye wa kukupa.

Baba yako


Mkomaindo
28 Aprili 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Pole na mbuzi wa Swaumu. Mimi mzima, isipokuwa sauti imekauka kwa mazoezi.

Nililipeleka ombi lako kwenye kamati. Mwenyekiti wetu, Bwana Arthur, akasema mchezo ni wa Bibi Konstansi na si wa mtumishi wake, na tukianza kutaja kila aliyebeba mzigo hatutamaliza mpaka Krismasi. Nilikasirika, Baba. Nikamwambia kama hakuna nafasi ya bibi yangu basi atafute wa kutunga nyimbo. Amekubali wimbo mmoja, wa sita, ule wa kupanda mlima. Bibi Konstansi atachezwa na Josephina, muuguzi, ana sauti kubwa. Bibi yetu atachezwa na mwanafunzi wangu mmoja mpole.

Makote sijaenda. Kuna mitihani, kuna mazoezi Jumamosi zote, na Jumapili ni ibada. Kwenye msalaba wa kaburi lake pameandikwa Mabel. Nitumie hilo?

Mwanao,
Yasinta


Chilangala
12 Mei 2024

Mwanangu,

Marahaba. Umefanya vema kumkasirikia Arthur. Babu yake naye alikuwa hivyohivyo, ukimwomba chumvi anahubiri.

Mabel ni jina la padre. Lilisomwa siku ya ubatizo na siku ya maziko, na katikati hapo hakuna aliyelitumia, wala yeye hakuligeukia. Usiniwekee Mabel.

Nenda Makote. Asubuhi unapanda, jioni umerudi. Bi Stamili ana miaka themanini na saba na hana umri wa kusubiri mitihani. Ukipenda, njiani upite hapa. Sikulazimishi. Najua nyumba hii inakuwia nzito tangu tumzike mama yako, hata mimi inanielemea, ila mimi sina kwingine.

Baba yako


Mkomaindo
30 Juni 2024

Baba yangu,

Shikamoo. Salama huko? Nasikia baridi ya mwaka huu huko Newala si ya mchezo. Usipulizie mikorosho salfa mwenyewe, tafuta mtu.

Kaa chini kwanza. Jina nimelipata.

Si Mabel, usihofu. Ni jina lake hasa, la kwao, la Kimakonde. Nimeshalitia kwenye wimbo wa sita. Josephina anasimama katikati ya mlima amechoka, anaita, na kwaya nzima inaliitikia. Arthur mwenyewe alipolisikia mazoezini alisema wimbo umepata uti wa mgongo. Uliomba mara moja, mimi nimekupa mara nane. Hapa sitaliandika, nataka ulione likitoka kwenye midomo ya watu arobaini.

Ni Jumamosi tarehe 24 Agosti, saa nane mchana, ukumbi wa kanisa. Basi la kanisa litawachukua watu wa huko, wewe na Shangazi Oliva, na akina mama wa Makote pamoja na Bi Stamili akiwa na nguvu. Mtalala kwangu. Nimenunua godoro.

Mwanao,
Yasinta


Chilangala
21 Julai 2024

Mwanangu Yasinta,

Marahaba, marahaba tena. Barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko waraka wa askofu.

Kwa hiyo ulikwenda Makote na hukupita kwa baba yako. Si neno. Ungepita ningekupikia ming'oko, vile viazi vya porini, ungesema haijaiva. La muhimu ulikaa mbele ya Bi Stamili na amekupa. Mzigo mkubwa umenitoka. Nilikuwa nalala nikiwaza kwamba yule mama akienda, jina limekwenda naye.

Nitakuja. Sijatoka Chilangala tangu msiba wa mama yako, na suti yangu panya wameionja kwenye kola, lakini nitakuja. Niwekee kiti mbele. Kusikia sitasikia, ila midomo naisoma vizuri siku hizi, zaidi watu wakiimba, maana wanafungua kinywa kama watu wenye adabu.

Oliva anakusalimu. Amenunua kanga mpya na anajidai ni ya zamani.

Baba yako


Mkomaindo
25 Agosti 2024

Baba,

Shikamoo. Sijui nianze wapi.

Mlipoingia jana niliwaona, wewe na suti yako, Shangazi na kanga yake, Bi Stamili katikati ameshikwa mikono. Nilijisikia mtu mwenye kwao. Nyimbo tano zilikwenda vizuri. Wimbo wa sita nilikuwa nimewapa mgongo, naongoza kwaya. Josephina akaita. Kwaya ikaitikia jina. Nikasikia nyuma yangu watu wanaguna, nikadhani wamefurahi. Tukaliimba mara ya pili, ya tatu. Halafu nikasikia mabenchi yanasukumwa.

Nilipogeuka, Shangazi alikuwa amejifunika kanga uso mzima. Akina mama wa Makote walikuwa wanamtoa Bi Stamili nje. Wewe ulikuwa umesimama, kofia mkononi, unaitazama midomo ya kwaya. Ulisimama mpaka tukafika mara ya nane. Kisha ukatoka.

Tuliendelea mpaka mwisho, watu wa Masasi wakapiga makofi. Nilipotoka nje basi lilishaondoka. Arthur anasema labda Bi Stamili alizidiwa na joto. Si kweli. Mimi niliuona uso wako.

Nilikuwa nimepika wali na kuku wa watu watatu. Leo mchana nimekula peke yangu, nikashindwa kumaliza hata sahani moja. Nimekosa nini, Baba?

Mwanao,
Yasinta


Mkomaindo
8 Septemba 2024

Baba,

Shikamoo. Sultani anasema amekupa barua yangu mkononi na hukumpa kitu cha kurudi nacho. Anasema ulimshukuru ukaingia ndani.

Kama ni mgonjwa, mwambie Swaumu anipigie.

Mwanao,
Yasinta


Mkomaindo
22 Septemba 2024

Baba,

Shikamoo. Nimempigia Swaumu mwenyewe. Anasema u mzima, unakula, ila huzungumzi. Nikamuuliza nimekosa nini. Akasema, "Mama, hilo si la kwenye simu. Mngoje baba yako."

Nangoja.

Mwanao


Chilangala
29 Septemba 2024

Yasinta,

Marahaba. Barua zako zote tatu nimezipata, Sultani hana kosa. Sikujibu kwa sababu kila nilipoanza niliandika maneno ambayo baba hapaswi kumwandikia mwanawe, nikachana.

Jina ulilowaimbisha watu ni la utotoni. Msichana wa zamani aliingia unyagoni na jina hilo, akatoka na jingine alilolichagua mwenyewe, na lile la kwanza likabaki hukohuko. Atakayemwita tena kwa lile la kwanza anasema mbele ya watu kwamba huyu hajachezwa unyago, bado mtoto, hajui kitu. Ni tusi, Yasinta. Watu wa hapa wamepigana kwa ajili hiyo, wengine wakapelekana kwa wazee. Mimi na miaka yangu sabini, mtu akiniita langu la utotoni leo nitatafuta fimbo.

Wewe ulichezwa wiki mbili za likizo, ukatoka na jina lilelile la ubatizo, kwa sababu mimi katekista nilitaka hivyo. Nilijiona wa kisasa. Sehemu ya kosa hili ni yangu na naibeba.

Najua ulikolipata. Utakuwa umelitoa kwenye maandishi ya Bibi Konstansi, maana hakuna mtu mwingine duniani aliyemwita hivyo akiwa mtu mzima. Mama yangu alipochezwa, Bibi Konstansi alikuwa likizo kwao Ulaya. Akarudi, akaita jina alilolizoea. Mama yangu hakugeuka. Akaita tena, hakugeuka. Siku mbili nzima hakugeuka. Bibi Konstansi akadhani ngoma zimemharibu masikio. Akamlaza chini, akamtia mafuta ya moto na dawa masikioni, wiki nzima, kwa upendo wote, na mama yangu akatulia atiwe dawa. Mama yake mzazi akamwambia, mgeni haambiwi, na kazi ni kazi. Wiki ya pili akageuka.

Akageuka miaka ishirini na moja. Sisi watoto tulikuwa jikoni tunamsikia mama yetu akiitwa vile na mtu aliyempenda, na dada yangu Oliva alikuwa ananiziba masikio kwa viganja vyake. Wakati huo nilikuwa nayo. Siku Bibi Konstansi alipoondoka kabisa, mama yangu alilia njia nzima kutoka barabarani. Alipofika nyumbani akafuta uso, akasema, "Basi, leo nimekuwa mtu mzima."

Na wewe umemrudisha utotoni mara nane.

Lakini nikuambie kinachoniuma zaidi. Niliandika Julai kwamba ulikwenda Makote. Ulisoma, ukaniacha niamini.

Baba yako


Mkomaindo
20 Oktoba 2024

Baba yangu,

Shikamoo. Ninaiandika barua hii nikiwa nimepiga magoti, si kwa maneno, nimepiga magoti kweli kando ya kitanda, kwa sababu sijui namna nyingine.

Ni kweli. Ofisi ya kanisa ililetewa sanduku la nakala za barua Bibi Konstansi alizomwandikia dada yake. Nilikaa nazo siku tatu. Jina lilikuwa kila ukurasa, nikalia kwa furaha, nikasema mzungu hakumsahau bibi yangu. Hata habari ya masikio niliisoma. Ameandika kuwa tangu arudi kutoka kwenye ngoma zao, mtoto huyu amekuwa kiziwi kidogo. Nilisoma, nikapita. Karatasi ilikuwa karibu na Makote ni mbali, nikachagua karatasi. Na barua yako ya Julai ilipofika nilijua umenielewa vibaya. Nikasema nitakueleza ukija, ukiwa umefurahi tayari. Nilikudanganya kwa kunyamaza.

Jana nilikwenda Makote. Nilichukua sukari kilo tano na kanga mbili. Nilitaka kumwomba msamaha Bi Stamili, halafu, kama angekubali, nimuulize.

Walimzika siku kumi na mbili zilizopita. Wewe lazima ulijua, naona hukupenda kuniambia. Mjukuu wake, Pili, alinikuta uani. Akaniuliza, "Wewe ndiye wa kwaya?" Nikasema ndimi. Akanipa kiti. Maji hakunipa. Nilikaa mpaka jua likageuka, hakuna aliyenifukuza na hakuna aliyezungumza nami. Wakati wa kuondoka nikamwuliza kama bibi yake aliwahi kumtajia jina la mwenzake. Akasema, "Alisema Mama Oliva. Sisi kwetu ni Mama Oliva." Kanga alizipokea.

Njia panda ya Chilangala niliiona. Dereva alipunguza mwendo, akaniuliza kama nashuka. Nikasema hapana. Sikuwa na uso wa kukutazama.

Baba, hakuna aliyebaki wa kunipa jina.

Mwanao,
Yasinta


Mkomaindo
10 Novemba 2024

Baba,

Shikamoo. Korosho zimekujaje mwaka huu? Usiokote zote mwenyewe, mgongo haununuliwi.

Jana tulipeleka mchezo Newala mjini. Niliweka sharti kwa Arthur, kwamba wimbo wa sita uondoke na mahali pake niweke ninachojua. Alilalamika, nikamsimulia yote. Akasema naye hajui jina la unyago la mama yake mzazi, akaniacha nifanye.

Sasa ni hivi. Bibi Konstansi amerudi kutoka likizo, anaita kwa kengele. Msichana anafagia, hageuki. Anapiga kengele tena. Hageuki. Hakuna wimbo hapo, kwaya imenyamaza kabisa, ni kengele tu. Bibi Konstansi anamlaza chini anamtia dawa masikioni, anamfunga kitambaa kichwani vizuri kabisa, anambusu.

Akina mama wa viti vya mbele walianza kucheka. Walicheka mpaka wengine wakashikana. Kisha mmoja, mzee sana, akasimama akamwambia Josephina kwa sauti, "Mama, huyo haumwi masikio." Ukumbi mzima ukatulia. Josephina muuguzi wa watu akasahau afanye nini, akabaki na chupa ya dawa mkononi. Msichana akainuka, akachukua ufagio, akaendelea kufagia. 

Jina halikutajwa. Sina la kutaja. Najua si hilo uliloniomba.

Nilikutafuta kwenye viti sikukuona. Jioni tukarudi na basi la kwaya.

Mwanao,
Yasinta


Chilangala
1 Desemba 2024

Mwanangu Yasinta,

Marahaba, mama. Korosho si haba. Mgongo ni wangu, acha niutumie.

Habari za Newala zilinifikia kabla ya barua yako. Swaumu alikuwepo. Alikuja hapa akanionyesha kwa mikono, anapiga kengele, anakataa kugeuka, anajimiminia dawa sikioni, halafu anasimama kama yule mzee. Nimecheka mpaka kifua kikanikemea. Baadaye alipoondoka nikalia. Sikuja kwa sababu niliogopa, nakuambia kweli. Niliogopa kuona midomo ile tena.

Ulifika Newala ukarudi, na Makote ukarudi. Mara mbili umenipita. Sisemi kwa kukulaumu, nasema kwa sababu nilihesabu.

Nimekaa na jambo moja wiki tatu. Nilikwenda kwa Oliva, nikamwandikia kwenye karatasi kwamba tukifa sisi wawili mama yetu atabaki Mabel wa msalabani na yule mtoto wa kwenye barua za mzungu. Oliva akakataa. Akasema mwiko ni mwiko. Jumapili iliyofuata akaja mwenyewe, akanishika mkono, akaniandikia chini ya karatasi ileile, "Fanya wewe, mimi siwezi." Sijui kama kuandika ni kutamka. Padre hakunifundisha hilo na wazee hawakuliwaza. Kama ni kosa, nitakwenda kumjibu mwenyewe, na haitakuwa mbali.

Alijiita Somoe.

Alilichukua kwa mwanamke wa pwani aliyepita Makote akiuza chumvi, aliyesafiri peke yake na kucheka kwa sauti. Mama alisema hakuwahi kumwona mwanamke asiyeogopa njia kabla ya siku ile, na hiyo ilikuwa kabla ya Bibi Konstansi.

Nilikosea kulitaka jukwaani. Nilitaka Masasi nzima ijue, nikasahau kwamba jina hupewa mtu aliyekaa karibu nawe. Usiliimbishe watu. Lakini wewe ni mjukuu, na mjukuu anamtania bibi yake, anamwita jina lake atakavyo, hakuna wa kumkataza. Umebaki wewe tu unayeweza kulisema.

Mara ya mwisho kusikia mtu akimwita hivyo ni siku ya maziko yake, mwaka tisini na nane. Bi Stamili aliinama juu ya kaburi akamwita. Tangu hapo hakuna.

Njoo nyumbani ulitamke mbele yangu. Sitasikia. Nitaona.

Baba yako


Mkomaindo
5 Desemba 2024

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Sultani amesubiri mlangoni niandike, kwa hiyo ni fupi.

Tumefunga shule leo. Nakuja Jumamosi na basi la kwanza, na sitateremka Newala wala Makote, nateremka Chilangala. Nitakaa mpaka mwaka mpya. Chumba cha mama nitakifagia mimi, usikiguse.

Tangu juzi, nikirudi nyumbani, nasimama mbele ya kioo na kulisema bila sauti, nione kama litasomeka. Linasomeka, Baba. Midomo inajikusanya, inafumba, inajikusanya tena, halafu inafunguka kama ya mtu anayetaka kucheka.

Nitakaa mbele yako mahali penye mwanga na nitalisema polepole. Ukitaka nirudie, nitarudia.

Mjukuu wa Somoe,
Yasinta